Piano ya roli ya Mikindani sasa inasoma midi, na roli zake bado zinapiga

Watu wakisikia nimefunga kompyuta inayosoma midi (faili linaloiambia mashine noti ipi ipigwe na lini) kwenye piano ya kizamani wanadhani nimeng'oa matumbo yote nikaweka spika ndani, jamani hapana. Piano yenyewe ni ya mzee mmoja hapa Mikindani, namwita Babu ingawa hatuna undugu. Baba yake aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anafungasha baada ya ule mradi wa karanga wa Nachingwea kufa mwaka 1951, na ni ile aina inayojipiga yenyewe kwa roli la karatasi lenye matundu, unakaa unakanyaga pedali mbili kubwa kama uko kwenye cherehani na vibonye vinashuka vyenyewe. Sasa Babu akataka asikie mdundo wa sindimba kwenye piano yake, na mi sijui Marekani ya miaka ya 1920 nani angekaa atoboe roli la sindimba.

Kwa wasiojua, zile pedali hazipulizi, zinanyonya. Kuna kibao cha shaba kina matundu 88 yamepangwa mstari mmoja, karatasi inapita juu yake, tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba hewa inaingia kwenye kampira kembamba, inanyanyua kingozi, kingozi kinafungua valvu, na mvukuto mdogo wa noti ile unanyonywa unakunjika pap! nyundo inagonga waya. Basi. Hamna umeme hata chembe. Viwanda vilikubaliana saizi moja ya roli kule Buffalo, Marekani, mwaka 1908, inchi 11 na robo kwa upana na matundu 9 kila inchi, ndo maana roli la kiwanda hiki linaingia kwenye piano ya kiwanda kile.

Ukitaka kompyuta ipige piano una njia mbili. Ya kwanza unapanga sumaku za umeme chini ya vibonye, kila kibonye na yake, ndo wanavyofanya kwenye piano nyingi za kisasa zinazojipiga zenyewe, ila kwa piano ya hivi inabidi utoboe mbao ndefu chini ya vibonye na mara nyingi mashine ya roli inakuwa njiani, so inatolewa. Mi hiyo sikuitaka kabisa. Piano imekaa miaka yote hii na chumvi ya bahari na mchwa wa kusini imevumilia, afu mi ndo nije na msumeno? Njia ya pili unakata kila kampira nyuma ya kibao cha shaba, unaweka kiungo cha T, tawi moja linaenda kwenye valvu ndogo ya umeme. Valvu ikifunguka inaingiza hewa na piano inadhani ni tundu la karatasi. Valvu zikiwa zimefungwa roli linapiga kama zamani, na siku mtu akizichoka anatoa T anarudisha mpira mzima.

Mipira nayo ilikuwa imekauka, ukiishika inavunjika kama chapati ya jana. Niliyoweka ni ile ya kupeleka hewa kwenye matenki ya samaki wa mapambo, milimita 4 kwa ndani, karibu sawasawa na ya kiwandani, na T zake wanauza duka hilohilo Kariakoo. Ya petroli ya bodaboda ni minene, usihangaike.

Kazi kubwa ilikuwa hewa, sio kompyuta. Mivukuto yote ilivuja, nikabandika kitambaa kipya kwa gundi ya moto ya ngozi, kwa sababu ile gundi nyeupe ya seremala ikishika hapo fundi wa kesho atapasua mbao akitaka kufungua. Afu kila noti ina katundu kadogo mno ka kurudisha kingozi chini, kakiziba vumbi noti inalia haikomi, kakiwa kakubwa noti haitoki. Unasafisha 88, mmoja mmoja, mgongo unajua wenyewe.

Umeme ulikuwa rahisi. Midi inaziita noti za piano namba 21 mpaka 108, Arduino (kikompyuta cha bodi moja) inasoma, chipu 11 za 74HC595 zinagawa amri, kila moja kwa noti nane, chipu za ULN2803 nazo 11 zinabeba mkondo wa valvu, nane mara kumi na moja themanini na nane, raha tupu. Ila kabla hujawasha funika kibao cha shaba kwa karatasi isiyo na tundu, la sivyo noti zote zinalia kwa mpigo na majirani watakuja.

Kinachonifurahisha ni hiki: midi inabeba nguvu ya kila noti lakini piano hii haiwezi kugonga noti moja kwa nguvu na ya jirani yake taratibu, sauti inatokana na unyonyaji tu. Wengi hapo wanaweka mota ya kunyonya. Babu akakataa, akasema mota ikipiga yeye atakuwa anafanya nini? Kwa hiyo kompyuta inachagua noti, nguvu inatoka miguuni mwake, na sindimba ya Babu kila siku inatoka tofauti kidogo. Umeme ukikatika anaweka roli anaendelea.

Midi za kudownload zinasumbua, noti zinazorudiwa haraka sana mvukuto hauwahi kufunguka, so nimeandika kiprogramu kinachokata mkia wa noti ya kwanza ili ya pili ipate nafasi. Sindimba ina marudio mengi ya hivyo, bado natafuta kipimo kizuri.

Iliyobaki ni pedali ya kurefusha sauti, midi wameipa namba 64. Tundu lake lipo pembeni kabisa ya kibao na mpira wake ni mnene, valvu ndogo haiutoshi, kubwa inakuja na basi kutoka Dar.