Jamani leo sahani zimetoka za moto!

Wiki tatu mashine yetu ya kuoshea vyombo hapa Hamburg inazunguka vizuri, maji yanaingia yanatoka, ila ya baridi tu, glasi zina utando wa mafuta na sabuni ya kidonge inabaki nusu haijayeyuka. Fundi aliyekuja kasema nunua mpya.

Roho ikakataa.

Leo asubuhi nimechomoa plagi, nikafunga maji, nikailaza ubavu. Nikapima hita, mita ikasoma ohm 26 hivi, na kwa hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni sawa kabisa. Kumbe hita nzima! Nikahamia kwenye bodi ya umeme inayoendesha mashine.

Nikamulika kwa tochi ya simu mguu mmoja mmoja wa vifaa vyake mpaka nikafika kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha hita, na hapo ndo nikakaona... risasi ya kuchomelea inayoshika mguu kwenye bodi imepasuka, kamstari kembamba keusi kamezunguka mguu kama pete. Nikabaki nakaangalia tu. Marehemu baba alikuwa fundi redio Tanga, na neno lake lilikuwa hilohilo, "tafuta pete, mwanangu".

Nikachoma risasi mpya nikarudishia kila kitu.

Nafungua mlango, mvuke umenipiga usoni, sahani hazishikiki! Nikampigia mama video nimuoneshe, akanyamaza kidogo, kisha akasema "huo mkono wa baba yako".

Nani mwingine yake imegoma kupasha maji? Semeni dalili hapa tuangalie pamoja, ila plagi chomoeni kwanza jamani.