Siku moja na shingo za watu wa Dar

Saa 11:30 alfajiri

Kimara, kituo cha mwendokasi. Foleni ndefu na kila mtu kainamia simu. Mimi pia, maana mume wangu ananiuliza gesi imeisha lini na kwa nini sikusema. Ukijua kazi yangu ni fiziotherapia ungetegemea nipite nawashika watu videvu nikiwanyanyua. Wala.

Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: ukiinamisha kichwa nyuzi 60, shingo inabeba kilo 27. Imetokana na hesabu za modeli ya kompyuta alizochapisha mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, mwaka 2014. Hakupima shingo za watu hai. Kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi, na kweli ukikiinamisha misuli ya nyuma inafanya kazi zaidi, ila wapo wanaoinama kutwa nzima bila kuumwa popote, na wapo wanaokaa wima kama askari wa gwaride wakaniletea shingo iliyokakamaa. Kinachochosha zaidi ni kuganda pale pale kwa saa nyingi. Hili nalirudia kazini hadi wenzangu wananicheka.

Saa 2:00 asubuhi

Wa kwanza ni dada mhasibu, ofisi yake Posta. (Wagonjwa wote humu nimewabadilisha kidogo wasijulikane.) Anaumwa kuanzia kisogoni hadi juu ya bega la kulia, mwisho wa mwezi ndiyo balaa.

"Dokta, leo nikande tu. Mazoezi siku nyingine."

Nikamkanda. Sina ugomvi na mikono, ni nusu ya mshahara wangu. Nikaminya taratibu misuli ya juu ya bega na ule unaotoka kwenye ncha ya ubapa wa bega kupanda shingoni, kisha nikasukumasukuma pingili za mgongo wa juu. Baada ya dakika kumi aligeuza shingo kulia, akacheka mwenyewe. Shida ya nafuu hii ni umri wake. Mara nyingi inafika jioni, ikijitahidi inafika kesho yake.

Ndiyo maana sikumwachia aondoke. Nilimlaza chali, nikamwekea chini ya shingo kifuko cha hewa chenye saa ya presha. Kipimo hiki kinatoka Australia, kwa Gwendolen Jull na wenzake. Unajaza hewa hadi 20, mgonjwa anaitikia "ndiyo" kwa kichwa polepole bila kukinyanyua, sindano ipande 22, kisha 24, hadi 30, kila hatua akishikilia sekunde kumi. Inayopimwa ni misuli midogo ya ndani, mbele ya shingo, ambayo kwa watu wengi wenye maumivu haya imelegea kazini. Yeye alipofika 24 mishipa ya shingo ikamtoka kama anabeba gunia. Hapo akaelewa kwa nini masaji peke yake haimponyi, na mimi nikaokoa maneno yangu.

Saa 4:00

Fundi cherehani wa Kariakoo, baba wa makamo. Maumivu yanashuka mkono wa kushoto hadi kwenye dole gumba, na ganzi juu yake. Hii siyo shingo iliyochoka tu, neva inaguswa. Nguvu za mkono ziko sawa, nikaona tunaweza kuanza.

Kwake sikukanda. Nilimwambia arudishe kidevu nyuma, kichwa kikiwa sawa, kama anayekwepa mtu anayemsogelea mno usoni. Akarudia mara kumi, tukapumzika, akarudia. Ni njia ya Robin McKenzie wa New Zealand, aliyeanza kuijenga mwaka 1956 baada ya kuona maumivu ya mguu ya mgonjwa wake yamepoa kwa kulala kifudifudi kitandani, sehemu ya kichwani ikiwa imeinuliwa. Anachotafuta mtaalamu ni mwelekeo wa maumivu. Ya fundi yalitoka kwenye dole gumba, yakabaki kwenye kiwiko, kisha begani.

"Dokta, mbona sasa shingo ndiyo inauma zaidi?"

"Baba, hiyo ndiyo habari njema." Hakuniamini hata kidogo. Nikamweleza kwamba maumivu yakirudi kuelekea shingoni tunaendelea, yakishuka tena kuelekea vidoleni aache na anipigie.

Saa 6:00 mchana

Kijana wa chuo. "Sista, ipige mara moja kama kinyozi wangu anavyofanya, ikilia tu napona."

Mlio ni gesi kwenye maji ya kiungo, hakuna kilichorudi mahali pake. Kwa maumivu ya kawaida ya shingo, kuigeuza ghafla hakujaonekana kuizidi sana mikono ya polepole, na ule mgeuko wa ghafla unaweza, kwa nadra, kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kinyozi hajui kuuliza wala kupima kabla. Nikampiga mgongo wa juu badala ya shingo, ukalia vizuri sana, akafurahi, na shingo ikageuka zaidi.

Saa 7:30

Wali maharage. Mwenzangu anatetea tepu za rangi za kubandika kwenye ngozi, zile za Mjapani Kenzo Kase. Mimi naona zinapendeza kwa wachezaji mpira.

Saa 9:00 alasiri

Mzee kaletwa na binti yake "akanyooshwe shingo".

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Shingo haimuumi sana. Ila vifungo vya shati anafungiwa siku hizi, na alivyoingia alikuwa akitembea miguu imetanuka, anagusa ukuta. Nilipogonga goti kwa nyundo, mguu ukaruka kupita kiasi. Dalili hizo zikiwa pamoja zinaonyesha uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva ndani ya pingili, unaweza kuwa umebanwa. Hakuna kukanda, hakuna kuvuta, hakuna tepu. Niliandika barua ya rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nikamwita binti pembeni nikamweleza asikubali mtu yeyote amguse baba yake shingo kabla ya picha ya MRI. Tulichukua muda mrefu. Waliokuwa kwenye benchi walinuna, na wana haki.

Saa 11:00 jioni

Naandika mafaili, kisha natuma kazi za nyumbani. Mhasibu nimempa mpira wa kuvuta, dakika mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Akaona ni utani. Nikamwambia Denmark walijaribu kwa wafanyakazi wa ofisini 198, wakachapisha mwaka 2011: baada ya wiki kumi, waliovuta dakika mbili walipungukiwa maumivu, karibu sawa na waliovuta dakika 12.

Kabla sijafunga ofisi akanitumia video. Anavuta vizuri, mabega tu yamempanda masikioni. Nikamsahihisha. Akajibu:

"Sawa dokta. Na Jumanne utanikanda?"

"Nitakukanda. Njoo na huo mpira."

Imesomwa. Hajajibu.