Siku moja maishani mwangu: shofo ya Muhumba iliyokataa kuzima

Saa 12 asubuhi. Umeme ulikuwa umeondoka tangu usiku, nikaamka kwa taa ya simu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukungu ukilala juu ya Ziwa Kivu namna ile, hakuna anayejimwagia maji ya robine, yaani ya koki, hivi hivi. Ndiyo maana wenye uwezo wamenunua shofo, kile chombo cha ukutani kinachopasha maji ya kuoga kwa gesi ya mtungi. Na ndiyo maana mimi nina kazi.

Saa 1:20. Chai haijapoa, simu ikalia. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Muhumba. "Fundi, nimefunga robine lakini moto unaendelea kuwaka! Shofo inatoa mvuke!"

"Mama, usiiguse. Nenda kwenye mtungi, zungusha kichwa chake kuelekea kuume mpaka kigome. Usikate simu."

Nikasikia ndala zake zikikimbia, mlango ukagonga, kisha pumzi. "Umezima." Nikamwomba afungue madirisha, mtu yeyote asiingie kuoga mpaka nifike.

Saa 2. Pikipiki kutoka Kadutu, kijana wangu nyuma na begi la vifaa mapajani. Kuteremka mpaka Nyawera barabara ilijaa watoto wa shule, tukachelewa.

Saa 2:40. "Asinge, Mama," nikamsalimu. Alitupokea na macho mekundu, wageni wanne walikuwa wameamka wanadai maji ya moto. Kuingia bafuni, jambo la kwanza nililoona si ugonjwa wa shofo. Ni mahali ilipofungwa: ndani ya bafu, juu ya beseni, na kidirisha pekee kimezibwa kwa plastiki ili baridi isiingie. Nikanyamaza kwanza.

Shofo ya aina hii hufuata maji. Yakipita, moto unawaka; yakisimama, unazima. Kwa hiyo swali la kwanza si "kipi kimeharibika?" bali "je, maji yamesimama kweli?" Bomba likivuja mahali fulani, au robine ya chumba cha juu ikiachwa wazi kidogo, shofo itaendelea kuwaka na haitakuwa na kosa lolote. Nimeshaona watu wakinunua mpya kwa sababu ya robine mbovu. Basi kijana akashika kichwa cha mtungi, tayari kufunga. Nikawasha, nikafunga kabisa maji yanayoingia kwenye shofo. Sekunde tatu, nne. Moto haukuzima. Maji hayakuwa na lawama.

Nikachomoa betri zake mbili. Pu! Ukazima papo hapo. Hapo ndipo nilipopumua, kwa sababu valvu ya umeme inayofunga gesi ilikuwa nzima. Kilichobaki ni kwamba kuna kitu kilichokuwa kikiiambia "maji yanapita" wakati hayapiti. Mafundi wa nchi za baridi, wenye tanuri za gesi zinazopasha nyumba nzima, huanza vivyo hivyo tanuri ikikataa kuzima: wanachomoa waya wa themostati, kidude kinachoiamuru tanuri iwake au izime kufuatana na joto la nyumba. Ikizima, kosa liko kwenye themostati au waya wake. Ikiendelea, wanakwenda kutazama kwenye ubao wake wa umeme na valvu ya gesi.

Saa 3:30. Nikafungua chumba cha maji cha ndani ya shofo, skrubu kwa skrubu. Ndani kuna ngozi ya mpira, pana kama mdomo wa kikombe. Maji yakipita huivuta, nayo inasukuma kipini chembamba cha shaba kinachofungua njia ya gesi na kubonyeza swichi ndogo. Maji yakisimama, springi inakirudisha kipini nyumbani kwake. Nikakisukuma kwa ncha ya kidole. Kikaingia. Hakikurudi. Kilikuwa kimevaa koti la kutu na tope, na pete yake ya mpira imekauka kama ganda la muhogo. Kichujio cha mlangoni kilijaa mchanga. Maji yakikatika siku mbili kisha yakarudi, yanakuja na uchafu wote wa njiani.

Limau na kitambaa vilitosha kusafisha. Msasa hapana: ukikikwaruza kipini, maji yatapenya kando ya pete. Mafuta ya kupikia hapana, yatageuka gundi. Nikapaka grisi ya silikoni, nikaweka pete mpya. Nikasukuma tena. Tak. Kikarudi chenyewe.

Lakini swali moja lilinisumbua. Shofo ikizidi joto, kuna kidude kidogo kwenye bomba la shaba kinachopaswa kukata gesi. Kwa nini hakikukata? Nikafuata waya zake mbili kwa kidole mpaka nyuma. Zilikuwa zimekatwa na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe, juu yake utepe mweusi. Mama akakumbuka: fundi aliyepita aliitwa kwa sababu shofo ilikuwa "inazima-zima yenyewe", akaitengeneza kwa dakika kumi. Mikono yangu ilitetemeka. Shofo ile ilikuwa inazima kwa sababu inaumwa, naye akaiziba mdomo.

Saa 5. Mazungumzo magumu kuliko kazi. Nikamwambia Mama kipini kimepona, kidude kipya nitakitafuta leo, lakini siwashi shofo ndani ya bafu lililozibwa. "Fundi, wageni wananiangalia!" Nikamweleza kuhusu jirani yetu tuliyemzika mwaka nilipomaliza shule. Alilala na mbabula, jiko la mkaa, chumba kimefungwa. Tulimkuta kama mtu aliyesinzia. Gesi inayoua namna ile, monoksidi ya kaboni, haina harufu, na moto wa shofo ukikosa hewa huitoa ile ile. Mama akakaa kwenye ngazi. Kisha akaita mpishi awatelekee wageni maji kwenye sufuria kubwa.

Saa 6 mpaka saa 9. Kijana alikwenda sokoni Kadutu, akarudi na kidude. Tukatoboa ukuta, shofo ikahamia nje, chini ya mabati, bomba la moshi likiangalia ziwa. Povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi, hakuna hata tone lililovimba.

Tukafungua na kufunga robine mara 20. Mama mwenyewe alihesabu kwa sauti.

Saa 10. Kule Nguba, jiko lenye mpira wa gesi uliopasuka, nikabadilisha. Nyumba ile iko kwenye mteremko na watoto wanalala chumba cha chini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka ngazi kama maji. Nikawaomba wauhamishe mtungi nje jioni ile ile, wakauhamisha nikiwa bado pale.

Saa 2 usiku. Mvua. Ujumbe wa sauti kutoka Muhumba: maji yanachuruzika, robine inafungwa, pu. "Umesikia, Fundi?" Nikausikiliza tena, nikampa kijana simu naye asikie.