Mama, Nile na Bomba la Hoteli ya Cecil

Tulikuwa hatujamaliza hata robo saa chumbani, katika Hoteli ya Cecil mjini Alexandria, mimi nikihangaika na mabegi na mdogo wangu akifungua madirisha yanayotazama bahari, wakati Mama, ambaye alikuwa amekwenda moja kwa moja kutia udhu ili awahi Alasiri, aliposimama mlangoni mwa bafu, maji yakimchuruzika viwikoni, akauliza: "Bahari ile pale, na maji haya hayana chumvi hata kidogo. Yanatoka wapi, wanangu?"

"Ni maji ya Nile, Mama," alijibu mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa sababu ya safari yetu, kwani alikuwa amehitimu udaktari katika mji huo, nasi tulikuwa tumedunduliza fedha kwa muda mrefu ili Mama ashuhudie siku hiyo na alale usiku mbili mahali pazuri kuliko pote alipowahi kulala.

Mama alirudi bafuni, akalifungua tena bomba, akayakinga maji kwa viganja vyote viwili na kuyatazama kwa muda kabla ya kuyaacha yaende.

Ili msomaji aelewe kilichomgusa, sina budi kueleza kwamba sisi ni watu wa Ujiji. Mwezi Februari 1858 Burton na Speke, wavumbuzi wa Kiingereza, walifika kwetu wakitafuta chanzo cha Nile, na Burton akashikilia kwamba ziwa letu la Tanganyika ndilo mama wa mto huo. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone papo hapo Ujiji, nao wakaenda pamoja kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa kuutazama Mto Ruzizi, wakagundua kwamba unaingia ziwani badala ya kutoka. Maji yetu hutoka kwa upande wa magharibi, kupitia Mto Lukuga, yakaungana na Kongo hadi Atlantiki. Mama amekulia karibu na ile miembe ya ukumbusho wa mkutano huo, ameona wageni wa kila rangi wakipigwa picha mbele ya mnara, na kwa miaka yote hiyo jina la Nile lilikuwa kwake jina la kitu ambacho watu waliugua na kufa wakikitafuta nyumbani kwetu, nacho hakikuwapo. Sasa alikuwa amekikuta kikitoka kwenye bomba la shaba, na taulo nyeupe imetundikwa pembeni.

Jioni hiyo mdogo wangu alitueleza, nasi tukiwa tumekaa kwenye roshani, kwamba Nile yenyewe haipiti Alexandria, bali huingia baharini kule Rashid, kilomita zipatazo 65 upande wa mashariki, na kwamba maji ya mji huletwa kwa mfereji wa Mahmoudiya, uliochimbwa kwa amri ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri wa wakati huo, na kukamilika mwaka 1820. Aliongeza kwamba mojawapo ya vijito vya mbali kabisa vya mto huo huanzia Burundi. "Burundi hii ya jirani zetu?" aliuliza Mama. Alipohakikishiwa kwamba ndiyo hiyo hiyo, alinyamaza, akaitazama bahari.

Kuhusu hoteli yenyewe, nitasema wazi kwamba niliipenda kwa sababu imekubali umri wake. Ilifunguliwa mwaka 1929, imesimama kando ya uwanja wa Saad Zaghloul, na mtu akipanda katika lifti yake ya zamani huhisi kwamba amepokewa na nyumba ya watu, nyumba yenye historia, jambo ambalo sijawahi kulihisi katika majengo mapya ya vioo ambayo vyumba vyake ni vilevile uwe Nairobi au Dubai. Kitanda kilikuwa laini na shuka zilikuwa safi. Hayo mtu huyatarajia. Dirisha ndilo lililostahili gharama yote. Kutoka pale tuliona bandari ya mashariki ikijikunja kama mundu, mashua za wavuvi zimetia nanga, na kwenye ncha ya mbali ngome ya Qaitbay, iliyojengwa mwaka 1477 mahali uliposimama mnara wa taa wa Pharos. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliuona mnara huo mwaka 1326, upande wake mmoja ukiwa umebomoka. Miaka mitano baadaye alikuwa Kilwa, kwenye pwani yetu, na aliporudi Alexandria mwaka 1349 aliukuta umeharibika kiasi kwamba haukuingilika.

Asubuhi, kwenye ukumbi wa chakula, kulikuwa na vyakula vingi ambavyo sitavitaja. Mama alisimama mbele ya chungu chenye shingo nyembamba, ambamo mhudumu alikuwa akichota kwa upawa mrefu maharage yaliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, akayaponda kidogo, akatia bizari ya pilau, limau na mafuta, kisha akamwekea mkate wa bapa uliokuwa bado unafuka. "Karibu, ya hagga," alimwambia, kwa jina la heshima la mwanamke aliyehiji, naye Mama, ambaye bado hajajaliwa kwenda Makka, alimjibu kwa Kiarabu alichojifunza chuoni utotoni, kwamba Mwenyezi Mungu amjalie. Mhudumu aliweka mkono kifuani. Mama alikula maharage hayo asubuhi zote mbili na hakugusa kingine isipokuwa chai.

Tuliporudi Ujiji, majirani walikuja kumpa pole ya safari, wakamuuliza kuhusu kitanda, mazulia na chakula cha matajiri. Aliwajibu yote kwa utaratibu, lakini alianza na bomba la bafuni, akaonyesha kwa viganja viwili jinsi alivyoyakinga maji, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango alimwomba arudie sehemu hiyo tangu mwanzo.