Kabla ya kununua skrini ya inchi 150, piga hesabu ya mwanga

Mzee mmoja wa Uyole ameniita nimfungie projekta. Sebule ni kubwa, ukuta upo, na yeye anataka inchi 150. Nilipomshauri apunguze akaniuliza, "Fundi, mbona unanibania?"

Hapa Mbeya kila mteja huanza na lumeni: ina ngapi? Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Jicho linachoona ni mwanga unaotua kwenye kila kipande cha skrini. Skrini ya inchi 100 ya 16:9 ina eneo la mita za mraba 2.8 hivi, ya inchi 150 ina 6.2. Mwanga ni uleule, eneo limekuwa mara mbili na robo. Picha inapauka, kama chai iliyoongezwa maji.

Kipimo cha kumbi za sinema ni niti 48 (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini), tena gizani. Kwa skrini nyeupe ya geini 1 (geini ni nguvu ya skrini kurudisha mwanga kwa anayekaa mbele yake), inchi 100 inataka lumeni 420 hivi, inchi 150 inataka kama 940. Utasema projekta ya lumeni 2000 inatosha na kubaki. Lakini balbu ikizeeka hupoteza hadi nusu ya mwanga, na ukichagua rangi za sinema unapungua tena. Zile za bei poa zenye maelfu ya lumeni kwenye boksi, tafuta neno ANSI au ISO, yaani imepimwa kwa kiwango kinachotambulika; kama halipo, namba hiyo usiitegemee. Skrini za geini kubwa nazo huwapendelea wanaokaa katikati, na sebule zetu siku ya mpira watu wanajaa mpaka kwenye mkeka wa pembeni. Mimi nabaki na geini 1.

Kinachoniuma zaidi ni dari. Ya mzee ni jipsamu nyeupe pe, na kuta ni za krimu. Tulizima taa zote, tukafunga mapazia, nikasimamisha picha ya usiku: weusi wote ulikuwa kijivu. Mwanga wa skrini yenyewe ulikuwa unagonga dari na kuta na kurudi. Mama akatuletea kaniki, tukaitundika ukutani ubavuni mwa skrini. Upande ule weusi ukakolea palepale. Upande wa pili bado umepauka. Mzee akasogea mpaka karibu kabisa, akatazama huku na huku, akanyamaza.

Tumekubaliana inchi 110, na dari ya mbele ipakwe kijivu kilichokolea kisichong'aa. Krimu ya ukutani mama amekataa isiguswe, kwa hiyo pande zote mbili tutaweka mapazia mazito ya kuvuta.