Si alienda mwenyewe?

Hili swali limenikaba kooni. Kila binti akirudi kutoka Uarabuni kakonda, hana hela, hata begi hana, hapa Ngamiani, Tanga, watu wanamuangalia juu mpaka chini alafu unasikia, "sasa si alienda mwenyewe?" Jamani. Safari hii limemkuta mtoto wa mama yangu mdogo, kaniruhusu niandike ila jina lake hapana.

Ni kweli alienda mwenyewe. Ajenti alimfata nyumbani, mtu tunayemjua, tunazikana naye, akasema kuna kazi ya ndani Muscat, Oman, rial 80 kwa mwezi, familia ndogo, alafu wenyewe wanaongea Kiswahili. Hiyo ya Kiswahili ndo iliyomtuliza mama mdogo. Na kweli walikuwa wanaongea, Oman wapo wengi wenye asili ya Zanzibar, kuna walioondoka baada ya mapinduzi ya 1964 na kuna walioenda Sultani Qaboos aliposhika nchi 1970. Basi kafika, pasi ya kusafiria ikachukuliwa kabla hajapewa hata maji ya kunywa. Rial 80 ikawa 60, na miezi mitatu ya kwanza hakuona kitu, familia ndogo ikawa nyumba ya ghorofa mbili na watu 9, Ijumaa ndo anapelekwa kwa dada wa bosi akafagie na huko. Anaamka saa 11 alfajiri analala saa 6 usiku, siku ya kupumzika hakuna, simu kanyang'anywa.

Siku alipoomba kurudi, mama mwenye nyumba akamjibu kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Mie nimekununua wewe. Nirudishie pesa yangu ndo uende."

Neno hilo silali nalo. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873. Lakini ukifatilia unaona hilo neno "nimekununua" linatokea wapi, mwajiri wa kule analipa hela nyingi kwa ofisi inayoleta wafanyakazi, ofisi inampa chake ajenti wa huku, kwa hiyo binti anaposhuka kwenye ndege kuna mtu tayari anahesabu hela zake zilizotoka. Alafu kuna kafala, mfumo wao wa udhamini, kibali cha kuishi kimefungwa kwa kafili, yaani bosi anayekudhamini, ukitoka nyumba ile bila ruhusa yeye anaripoti umetoroka na unayetafutwa ni wewe, sio aliyekula mshahara wako. Saudi Arabia walipolegeza masharti ya kafala Machi 2021 wafanyakazi wa ndani wakaachwa nje ya mabadiliko. Wakenya 89, wengi wao wa kazi za ndani, walifia Saudia 2020 na 2021, familia nyingi zikaambiwa moyo ulisimama, wasichana wa miaka ishirini na kitu jamani. Na Beirut, Lebanon, Juni 2020 uchumi ulipoanguka, mabosi waliwashusha wadada wa Ethiopia na mabegi yao nje ya ubalozi wao mdogo wakaondoka zao.

Sasa nirudi kwa wale wa "si alienda mwenyewe". Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji wa binadamu, ile ya Palermo, inasema ukishadanganywa, ukitishwa au mtu akitumia shida zako ili akunyonye, kukubali kwako hakuhesabiki. Na sisi Tanzania tuna sheria yetu ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu toka 2008, Kenya wana yao ya 2010. Shirika la Kazi Duniani limetaja dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, soma uone, kuzuiliwa hati zako imo, kunyimwa mshahara imo, kufungiwa ndani imo, kudanganywa imo. Kwa hesabu yao watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi za kulazimishwa 2021, wanawake na wasichana milioni 11.8. Hao wote tuwaulize kwa nini walienda?

Na tusijifanye watakatifu, hapa hapa kuna watoto wa miaka 14 wanaletwa kutoka Iringa na Singida kuwa dada wa kazi, mshahara "anatunziwa", na wanaamka saa hiyo hiyo ya 11. Nimekulia kwenye nyumba yenye dada wa hivyo. Hatukuwahi kumuuliza mshahara wake uko wapi.

Ndugu yangu alirudi baada ya miezi 14. Mfilipino wa nyumba ya jirani ndo alimuazima simu yake kwa juu ya ukuta, akapiga nyumbani, ndo tukaanza kuhangaika mpaka ubalozi ukampa hati ya dharura ya kusafiria kwa sababu pasi mpaka leo anayo bosi. Mshahara wa miezi mitano haujalipwa. Ajenti bado yupo mtaani, anasalimia.

Juzi kaja binti mwingine, ana miaka 21, anataka kwenda. Mkataba kautoa kwenye simu, picha ya ukurasa mmoja, Kiarabu na Kiingereza, hajui hata mstari mmoja umesema nini. Ndugu yangu hakumkataza. Alimwambia tu ashike kichwani namba tatu za simu bila kuandika popote, akamrudisharudisha kama mtoto wa chuoni, wakakaa barazani hapo mpaka adhana ya magharibi.