Nilivyozalisha Nematodi Waangamizi wa Wadudu Ndani ya Kimiminika, Tabora

Ili kupata nematodi, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoua wadudu, nilianza na chambo: viwavi wa nondo wa nta, wanaokula masega ya nyuki, ambao hapa Tabora hupatikana bure. Nilipomwomba mzee mmoja mfugaji wa nyuki wa upande wa Sikonge anipe masega yaliyoharibika, alicheka akasema, "Mwanangu, sisi tunawafukuza, wewe unawaomba?" Viwavi hao niliwafukia katika mikebe ya udongo wenye unyevu niliouchota chini ya miembe, na baada ya siku chache baadhi yao walikufa wakawa na rangi ya kahawia iliyopauka, bila kutoa uvundo. Kama wangekuwa wekundu ningedhani wameuawa na Heterorhabditis, jenasi mojawapo ya nematodi hao. Rangi ile iliashiria jenasi nyingine, Steinernema, nami nikashukuru, kwa sababu madume na majike wa Steinernema huweza kupandana ndani ya kimiminika, jambo ambalo madume wa Heterorhabditis hushindwa.

Anayemuua mdudu hasa ni bakteria wa jenasi ya Xenorhabdus, ambaye nematodi mchanga humbeba utumboni na kumwachia ndani ya damu ya kiwavi, kisha hula bakteria hao wakishazaana. Nililisoma hilo mapema, lakini sikulizingatia. Mara ya kwanza nilitia bakteria na nematodi siku moja katika lishe ya unga wa soya, dondoo ya hamira, kiini cha yai na mafuta ya alizeti, niliyoichemsha kwa mvuke wenye nyuzi 121 ndani ya sufuria ya presha. Wiki nzima nematodi walibaki vilevile, wachanga na wamenyooka kama sindano, kwa kuwa huamka kutoka katika usingizi wao pale tu wanapohisi dalili za bakteria walioshamiri. Tangu hapo huwaacha bakteria peke yao kwa saa 24 hadi 36 kabla ya kuongeza nematodi, ambao nao huwa nimewaangua kutoka kwenye mayai yaliyosafishwa kwa dawa ya klorini ili wasije na vijidudu vingine.

Kikwazo kilichonitesa zaidi kilikuwa hewa. Bayoriakta yangu, yaani chombo cha kukuzia, ni chupa ya kioo ya lita tano yenye mrija unaofika chini, pampu ya tangi la samaki na chujio la kuzuia vijidudu. Nilipoongeza hewa ili bakteria wasikose oksijeni, povu lilipanda hadi likalowesha chujio, na chini ya hadubini niliona majike waliopasuka na madume yasiyoweza kujiviringisha kwenye miili ya majike kwa sababu ya msukosuko. Nilipopunguza sana, kimiminika kilianza kunuka. Hatimaye nilipata njia: hewa nyingi siku ya bakteria, kisha mapovu machache na makubwa wakati wa kupandana, pamoja na tone la mafuta ya kula la kutuliza povu. Joto nalilinda lisipite nyuzi 25 kwa kuiweka chupa ndani ya beseni la maji lililozungushiwa magunia mabichi, kazi ambayo mwezi wa Oktoba hunikosesha usingizi.

Siku ya kumi na sita, tone moja lilijaa wachanga waliokuwa wakijipinda kwa pamoja hata nikashindwa kuwahesabu kabla ya kulizimua kwa maji. Niliwaosha, nikawahifadhi kwenye sponji jokofuni, kisha nikawajaribu kwenye mchanga wenye viwavi: siku ya pili wote walikuwa wamelegea, na rangi ni ileile ya kahawia.

Nilimpelekea mzee habari hizo. Mara moja aliomba nimwagie mizinga yake. Ilinibidi nimweleze kwamba nematodi hukauka upesi wasipopata unyevu, hivyo kazi yao ni udongoni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba masega mabovu ya msimu ujao ameshayatenga kwa ajili yangu.